Darubini ya kioo 130mm: naona duara tu lenye tundu jeusi katikati, shida iko wapi?

mchunguliaji

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kabla sijairudisha hii kitu kwenye boksi lake. Nina darubini ya kioo, ile aina ya Newton, ubavuni imeandikwa D=130 F=650, stendi yake ya miguu mitatu ina kile chuma chenye uzito wa kubalansi na zile waya mbili za kuzungusha kwa mkono. Imekuja na lenzi za jicho mbili, ya 25mm na ya 10mm, na Barlow ya 2x (kile kipande cha kuongeza ukuzaji mara mbili). Nimeifunga kama karatasi inavyoelekeza, usiku nikailenga kwenye nyota moja inang'aa balaa, nikachomeka ile ya 10 pamoja na Barlow ili ikuze vizuri, ninachoona ni duara la kijivu lenye tundu jeusi katikati, yani kama CD kabisa, na kuna mistari minne myembamba inakatiza. Nikisogeza kidogo tu ni giza totoro. Mwezi niliupata kwa bahati lakini ulikuwa hafifu hafifu halafu umepinduka juu chini na baada ya muda mfupi ukaondoka wenyewe. Mfuniko wa mbele una kakifuniko kadogo nimekatoa hako, ule mkubwa umebaki kulinda vumbi lisiingie.

Sasa je kioo kimevunjika au kimekaa vibaya? Na mbona boksi linasema inakuza zaidi ya mara 400 na mimi sioni hata nyota moja ya maana? Msinicheke tafadhali.

usiku_mwema

Hakuna wa kukucheka mkuu, na darubini yako nzima kabisa. Kwanza kabla ya yote ondoa ule mfuniko mkubwa wa mbele WOTE. Hako katundu kadogo kapo kwa ajili ya kupunguza mwanga wa mwezi ukiwa mpevu, ukiacha mfuniko umegeuza darubini ya milimita 130 kuwa ya milimita kama 40 hivi, ndo maana mwezi ulikuwa hafifu. Vumbi la usiku mmoja halifanyi kitu.

Hilo duara lenye tundu ni nyota ambayo haijafokasiwa, basi. Tundu jeusi ni kivuli cha kile kioo kidogo kilichosimama mdomoni mwa bomba, na mistari minne ni vile vyuma vinavyokishikilia. Zungusha fokasa (pale panapokaa lenzi ya jicho, ina virungu vya kuzungusha) taratibu, duara likizidi kuwa kubwa zungusha upande mwingine, litaendelea kupungua kupungua mpaka libaki nukta. Hapo ndipo penyewe. Nyota iliyofokasiwa ni nukta, hata ukichungulia kwa darubini kubwa kuliko hiyo itabaki nukta, kwa sababu ziko mbali mno. Wengi wanadhani nyota ikikuzwa itakuwa duara kama jua wakiona duara wanafurahi, kumbe ndo wameharibu fokasi.

Sasa kuhusu hiyo Barlow, itoe uiweke mfukoni uisahau kwa muda. Hesabu ni rahisi, unachukua ile F (umbali wa fokasi wa kioo, kwa milimita) unagawa kwa namba ya lenzi ya jicho. 650 gawa kwa 25 unapata mara 26, gawa kwa 10 unapata 65, ukiweka Barlow ya 2x juu ya ile ya 10 unafika 130. Kwa mara 26 unaona kipande cha anga chenye upana wa karibu miezi minne ikipangwa mstari mmoja, kwa mara 130 unaona kipande kidogo kuliko mwezi mmoja. Sasa mtu anaanza kutafuta nyota angani kwa kupitia kipande kidogo hivyo ataipataje? Anza na 25 kila siku, kila usiku, kitu kikishakaa katikati ndo unabadilisha kwenda 10.

Na hizo mara 400 za kwenye boksi ni maneno ya kuuzia. Kanuni wanayotumia watu ni kama mara mbili ya kila milimita ya kioo, kwa hiyo yako mwisho ni kama 260, tena siku hewa imetulia sana. Siku nyingi hewa haikuruhusu hata kufika 200, picha inacheza cheza tu kama iko chini ya maji. Kazi ya kioo kikubwa ni kukusanya mwanga. Kukuza ni kitu cha pili.

Kupinduka juu chini ni kawaida ya darubini ya Newton, angani hakuna juu wala chini, utazoea.

skrubu_tatu

Nakubaliana na aliyetangulia ila ameruka jambo kubwa. Darubini ya kioo ikisafirishwa vioo vinahama, kwa hiyo lazima apange vioo kwanza, kolimesheni, la sivyo hata akifokasi vipi picha itakuwa na mkia. Hiyo ni f/5 (650 gawa kwa 130) na f/5 haisamehi kioo kilichoinama.

Mchunguliaji hebu tuambie, bomba lako lina urefu gani? Kama ni karibu na hizo 650, yani sentimita 60 na kitu, una darubini ya kawaida na kuipanga ni kazi nyepesi. Zipo zile zimeandikwa F=1000 halafu bomba ni nusu yake, hizo zina lenzi imefichwa ndani ya fokasa na kuzipanga ni mateso matupu.

usiku_mwema

@skrubu_tatu mkuu hapo ndipo tunapotofautiana kila siku. Mtu ana siku moja na darubini unamwambia ashike bisibisi? Atazungusha skrubu zote sita na kesho atarudi hapa analia. Kwanza ajue kufokasi, halafu APIME kama vioo vimehama kweli. Darubini zinazofika vioo vikiwa sawa au vimehama kidogo tu sio chache, kwa mara 26 hata hautaona tofauti.

Kupima kwenyewe ni hivi. Chukua nyota inayong'aa iliyo juu, iweke katikati kabisa ya lenzi ya 10 (katikati, maana pembeni f/5 yoyote inachora nyota yenye mkia hata kama vioo vimekaa sawa), ukishafokasi izungushe fokasa kidogo sana mpaka nyota ivimbe iwe kiduara. Ukiona kivuli cheusi kimekaa katikati ya kiduara pande zote sawa, uko vizuri, acha skrubu za watu. Kivuli kikiegemea upande mmoja ndo urudi kwa huyu bwana akufundishe.

skrubu_tatu

Haya sawa kipimo ni kizuri hicho siwezi kukataa. Ila jinsi ya kufanya aijue mapema, asisubiri usiku wa manane ndo aulize.

Fanya mchana ndani ya nyumba, bomba lilaze, na lilaze kweli, usilisimamishe, maana ukidondosha bisibisi kwenye bomba lililosimama inaenda moja kwa moja kwenye kioo kikuu na hapo hakuna wa kukusaidia. Chukua kile kifuniko cha plastiki cha fokasa, toboa katundu kadogo katikati kabisa, kirudishe, chungulia. Utaona kioo kidogo na ndani yake utaona kioo kikuu kimejitokeza. Kioo kikuu kina vibano vitatu pembeni, ukiona vyote vitatu basi kioo kidogo kimekaa vizuri, usikiguse. Usipoviona vyote ndo unacheza na skrubu tatu ndogo zilizo mdomoni mwa bomba, nyuma ya kioo kidogo, robo mzunguko robo mzunguko, unalegeza moja unakaza nyingine.

Halafu unahamia nyuma ya bomba. Huko kuna skrubu sita kwa kawaida, tatu za kupangia na tatu za kufungia. Legeza za kufungia kwanza, watu wengi wanasahau wanalazimisha. Katikati ya kioo kikuu huwa kuna alama ya kaduara, sasa unazungusha zile tatu za kupangia huku unachungulia mpaka hiyo alama ikutane na katundu unakochungulia. Ukimaliza funga, lakini usikaze kwa nguvu za hasira, kioo kikibanwa sana kinajikunja na nyota zinakuwa na pembe tatu.

Na ukiona kivuli cha kioo kidogo kimesogea kidogo kuelekea upande wa kioo kikuu usihangaike kukirudisha, kwenye f/5 ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Usiku ukitaka kumalizia kwa nyota, zungusha skrubu moja kidogo, nyota itakimbia kutoka katikati, irudishe, angalia kama imekuwa afadhali au mbaya zaidi. Ikiwa mbaya geuza upande wa pili. Hamna siri nyingine.

mchunguliaji

Asanteni sana wakuu, bomba nimelipima ni kama sentimita 62. Nimetoa mfuniko wote na nimetumia 25 peke yake, jamani nyota zipo!! nyingi mno. Mwezi nimeuona una mashimo mpaka nikaita watu wa nyumbani. Kivuli kiko katikati kwa hiyo skrubu sijagusa, samahani skrubu_tatu 😂

Shida iliyobaki ni kulenga. Ile ya juu yenye doti nyekundu inaonyesha kwingine na darubini inaonyesha kwingine. Na stendi sielewi kitu, nikitaka kwenda kulia bomba linazunguka linaenda juu kwa upande, mpaka shingo inauma.

mhimili

Kulenga kwanza maana ndo rahisi. Hiyo ya doti nyekundu inapangwa MCHANA, usihangaike nayo usiku. Tafuta kitu kilicho mbali sana, mnara wa simu au ncha ya mti kilima cha pili, kitu cha karibu hakifai, na kiwe upande ambao jua halipo kabisa. Kiweke katikati ya lenzi ya 25, kisha bila kugusa bomba zungusha vile vijiskrubu viwili vya ile ya doti mpaka doti ikae juu ya kitu kile kile. Badilisha kwenda lenzi ya 10 urudie kwa usahihi zaidi. Dakika tano umemaliza, na usiku ukiweka doti kwenye nyota basi nyota iko ndani ya lenzi. Na uizime ukimaliza, ile betri ndogo haina maisha.

Sasa stendi. Hiyo inaitwa ya ekwatoria na imetengenezwa hivyo makusudi. Dunia inazunguka, anga lote linaonekana kutembea digrii 15 kila saa, ndo maana mwezi ulikukimbia, kwa lenzi ya 10 na Barlow nyota inavuka kutoka ukingo mpaka ukingo kwa kama dakika moja na nusu tu. Hiyo stendi ina mhimili mmoja ambao ukiuelekeza kwenye ncha ya anga (ile sehemu ambayo anga lote linaonekana kuizunguka), unazungusha waya moja tu polepole na kitu kinabaki ndani ya lenzi muda wote unaotaka. Usipouelekeza huko basi ni stendi ya kawaida yenye tabia mbaya.

Kuuelekeza: angalia latitudo ya mahali ulipo kwenye simu, kuna kipimo cha digrii ubavuni mwa stendi, weka namba hiyo hiyo, kwa sababu ncha ya anga iko juu ya upeo kwa digrii sawa na latitudo yako. Halafu geuza stendi nzima ule mhimili uangalie kaskazini ya kweli kama uko kaskazini mwa ikweta, au kusini kama uko kusini. Dira ya simu inatosha ukiiweka isome kaskazini ya kweli na sio ya sumaku, ila iweke mbali na vyuma vya stendi. Wa kaskazini wana bahati wana nyota ya Polaris iliyo chini ya digrii moja kutoka ncha yenyewe. Kusini kuna Sigma Octantis ambayo ni hafifu kiasi kwamba penye taa huioni, kwa hiyo dira. Na mtu akiwa karibu kabisa na ikweta ncha inakuwa chini karibu na upeo, mhimili unalala karibu sawa na ardhi, stendi nyingi za bei ya chini hazishuki mpaka huko au ule uzito unagonga mguu wa stendi. Geuza miguu ili mmoja usiwe chini ya uzito, mara nyingi inasaidia.

Kubalansi usisahau. Legeza ule mkono wa kufungia mhimili, shika bomba, ukiachia taratibu likianguka sogeza ule uzito mpaka libaki lilipo. Halafu lisogeze bomba lenyewe kwenye pete zake mbele au nyuma ubalansi na upande wa pili. Shingo ikikuuma legeza pete hizo hizo uzungushe bomba mpaka fokasa ije upande wako. Yale maduara yenye namba za saa na digrii achana nayo, kwenye stendi za saizi hii ni mapambo.

Kwa maoni yangu lakini, na najua nitapigwa mawe, mtu anayeanza angepewa ile ya Dobson asingeteseka hivi. Boksi la mbao linalozunguka kushoto kulia na juu chini, basi. John Dobson alikuwa mtawa huko San Francisco, alichonga vioo kwa vioo vya kuokoteza na kuvipachika kwenye mabomba ya kadibodi, mwaka 1968 akaanza na wenzake kuziweka barabarani wapita njia wachungulie. Haifuati nyota yenyewe, unaisukuma kwa kidole, lakini mtoto anaielewa.

usiku_mwema

Hakuna wa kukupiga mawe, ila ameshanunua tayari mkuu 😂

@mchunguliaji jambo moja hawajalisema hawa. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuangalia. Kioo kikitoka ndani kina joto, hewa ya ndani ya bomba inachemka chemka na utadhani fokasi imeharibika. Na usichungulie kupitia dirishani, wala juu ya paa la bati lililopigwa na jua mchana kutwa, joto linapanda usiku na kuharibu kila kitu. Macho nayo yanataka dakika 20 mpaka 30 gizani, ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya, kwa hiyo tochi iwe nyekundu.

mchunguliaji

Nimepanga doti mchana na imekubali vizuri kabisa. Sasa niangalie nini? Nimetafuta galaksi nikaona kawingu ka kijivu tu, picha za mtandaoni zina rangi za ajabu, za kwangu ziko wapi?

dada_zohali

Rangi haziko kwako kwa sababu jicho kwenye mwanga hafifu halioni rangi, kamera inakusanya mwanga kwa dakika au masaa wakati jicho lako linafanya kazi papo hapo. Hako kawingu ka kijivu kama ilikuwa Andromeda basi umeona mwanga uliotoka huko miaka kama milioni 2.5 iliyopita, mimi kwangu inatosha sana. Ukitaka kuona zaidi usiikodolee macho, tazama pembeni yake kidogo, ukingo wa jicho unashika mwanga hafifu vizuri kuliko katikati.

Mwezi usiuangalie ukiwa mpevu, hapo jua linaupiga usoni hakuna vivuli unaonekana bapa. Angalia siku ukiwa nusu, pale mpaka wa mwanga na giza unapopita, vivuli vya milima na kingo za mashimo vinajitokeza mpaka unahisi unaweza kuvigusa. Tafuta Copernicus, shimo la kilomita kama 93.

Mshtarii ndo wa kuanza nao kwenye sayari. Kwa mara 40 tu unaonekana mkubwa kama mwezi tunaouona kwa macho, kwa hiyo kwa 65 yako unatosha kabisa, utaona mikanda miwili ya rangi ya udongo na miezi minne ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Chora ilipo, kesho yake angalia tena. Io inazunguka kwa masaa 42 tu, hata ndani ya usiku mmoja unaona imehama. Mimi hii sijawahi kuichoka.

Zohali kwa lenzi ya 25 utaona kitu kama yai, weka 10 na hapo ndo Barlow ya watu inapata kazi, pete inajitenga. Machi 2025 pete zilitugeukia kwa ubavu zikawa kama mstari, tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka miaka ya mwanzoni ya 2030, kwa hiyo ukiziona nyembamba usilaumu darubini. Nukta iliyo karibu yake yawezekana ni Titan.

Kilimia kiangalie kwa 25 tu, ukikuza kinatoka nje ya lenzi. Nebula ya Orioni (wingu la gesi na vumbi) iko kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga, ndani yake kuna nyota nne zimekaa karibu karibu, hizo ziangalie kwa 10. Na kama unaliona anga la kusini tafuta Omega Centauri, fungu kubwa la nyota, kwa macho ni kama nyota yenye ukungu, kwa kioo cha 130 inaanza kuwa chembe chembe zisizohesabika. Weka Stellarium (programu ya ramani ya anga) kwenye simu uiwashe ile rangi nyekundu ya usiku.

mchunguliaji

Dada nimeiona miezi ya Mshtarii yote minne!! Asante sana. Mawili ya mwisho halafu nawaacha mpumzike. Kioo kikuu nikimulika tochi kina vumbi na kama doa la umande, nakifuta na nini? Na nimeona kuna lenzi nyeusi ndogo ya jua ya kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, naweza kuona jua nayo?

skrubu_tatu

Kioo usifute na kitu chochote. Rangi ya fedha unayoiona ni tabaka jembamba mno la alumini limekaa JUU ya kioo, sio nyuma kama kioo cha ukutani, kitambaa kinaburuta vumbi na kuchora mikwaruzo ya kudumu. Na tochi inatisha watu bure, kioo chochote ukikimulika ubavuni kinaonekana kichafu, vumbi hilo halipunguzi kitu cha kuonekana. Ikifika kweli kimechafuka, baada ya miaka, kinatolewa, kinamwagiwa maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, mwisho maji yaliyotoneshwa (distilled), sio yale ya betri yenye asidi, kisha kinasimamishwa kikauke chenyewe. Umande ukiingia usifunike darubini ikiwa na unyevu, iache wazi ndani ielekee chini mpaka ikauke.

mhimili

Hiyo lenzi ya jua ya kuskrubu ITUPE leo, na uivunje kwanza asije mtu akaiokota. Inakaa pale pale ambapo mwanga wote wa kioo cha milimita 130 umekusanyika, inapata moto, inapasuka ghafla na jicho liko hapo hapo. Hakuna muda wa kukwepa.

Filta ya jua inayofaa inakaa MBELE ya bomba, inafunika mdomo wote, mwanga unapunguzwa kabla haujaingia. Nunua ya karatasi maalum ya jua kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya darubini. Karatasi ya miwani ya kupatwa kwa jua usiibandike kwenye darubini, wala usichungulie darubini ukiwa umevaa hiyo miwani. Kila mara kabla ya kutumia ishike filta uielekeze juani ukiwa mbali na darubini, ukiona hata katundu ka sindano usiitumie. Ibane kwa utepe wa gundi pembeni upepo usiipeperushe, na ile ya doti nyekundu ing'oe kabisa, kulenga unatumia kivuli cha bomba ardhini, kikiwa kifupi kuliko vyote umelenga jua. Watoto wakiwepo usiondoke hapo hata dakika moja.